Kadi Nilizowapa Waamuzi Wetu

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa ofisi, na Aline, mwalimu mwenzangu aliyeshika nafasi yangu, akaniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye mafaili. Mafaili yetu ni mepesi sana, kwa hiyo yaliyobaki nje ni mengi. Habari za vyeo sitazigusa. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kutafuta watu wa kujitolea katika michezo, na kuwatunza wasichoke, mtafaidika zaidi mkijua jinsi mtu anavyoweza kuiharibu huku nia yake ikiwa njema kabisa. Mimi niliwahi kuiharibu.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Baraka wakati chama chetu cha michezo kiliponiita kusimamia babenevole, yaani waamuzi, makocha na wamama wa huduma ya kwanza wanaofanya kazi bila mshahara. Siku ya kwanza nilivaa viatu vizuri, nikaenda ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa. Papa Wilondja, mzee niliyepaswa kujifunza kwake, alikuwa uwanjani na ndoo ya majivu na kamba yenye mafundo. Alinipa ncha moja ya kamba bila salamu ndefu. Tulizunguka uwanja mzima tukichora mistari, yeye akimwaga majivu aliyoyachanganya na mchanga ili upepo wa ziwani usiyapeperushe, mimi nikivuta. Tulipomaliza, viatu vyangu vilikuwa vyeupe.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa mutu akisikia unatumika bure, anajiuliza unakula nini kwa siri. Ataulizia kwa bwana yako, ataulizia kwa majirani. Na we mwenyewe utaanza kujiuliza ju ya babenevole yako. Usijiulize sana."

Nilishika mafundisho yake yote isipokuwa hilo neno la mwisho.

Mafundisho yenyewe yalikuwa mazuri. Alinifundisha kwamba waamuzi wetu wengi ni wavuvi wa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawaendi ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa. Basi mechi kubwa zipangwe mwezi mpevu, uone kama utakosa mwamuzi. Alinifundisha nisimwombe mtu kazi wakati wa kupanda muhogo. Nisimwombe mwanaume bila mke wake kusikia, wala mwanamke bila mumewe kusikia. Mtu akimaliza kazi, nimshukuru siku ileile kwa jina lake mbele ya watu, kwa sababu shukrani ya kesho yake inakuwa kama nimekumbushwa.

Lakini mimi nilikuwa na daftari. Kila jina nililiandika, na mtu akikosa kuja nilitia alama ya kuuliza pembeni. Baada ya miaka miwili, majina yasiyo na alama yalikuwa matatu, na moja lilikuwa langu. Kulikuwa na kocha mmoja wa Mboko aliyekosa mara tatu katika msimu mmoja, na kila mara alisema ana matanga. Mara ya tatu nilipanda gari nikaenda kuhakikisha. Matanga yalikuwepo. Nikauliza kwa ujanja kuhusu yale mawili yaliyotangulia, na yenyewe yalikuwa ya kweli. Nilikaa kwenye mkeka na nguo yangu ya kanisani, nikapewa ugali na samaki, na kocha akanishukuru mbele ya ukoo wake wote kwa kuja kumfariji. Ningepata somo siku ile, lakini nilichofanya ni kufuta alama moja tu.

Sasa nieleze habari za Salvatori. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, analima muhogo na maharagwe kwenye shamba la kukodi upande wa kambi. Kwao alikuwa mwamuzi wa mpira. Alikuja kwangu mwenyewe, bila kuitwa, na kwangu hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza, maana hakuna aliyekuja kwangu bila kuitwa. Alikuwa na filimbi yake, saa ya kuhesabia dakika, na daftari dogo alimochora uwanja na mishale: hapa mwamuzi anasimama wakati wa kona, hapa anakimbia kufuata mpira. Nikamtia alama ya kuuliza siku ileile, na nikampa mechi ya watoto ili nimwone.

Hakuwa mtu wa maneno. Akipuliza filimbi, alionyesha kwa mkono, basi. Wachezaji walimwogopa, na baada ya miezi michache walikuwa wanamtaka yeye tu, hasa timu mbili zinapotoka vijiji visivyosalimiana. Mrundi hakuwa ndugu wa huyu wala wa yule. Mke wake, Espérance, alikuwa anauza mboga sokoni Baraka, na jumapili walikuja wote wawili uwanjani kutoka kanisani.

Wakati huo Papa Wilondja alikuwa ameacha kazi na kwenda kuishi kwa mtoto wake kule Fizi. Niliona babenevole wetu wanastahili kitu cha kuwatia moyo kuliko maneno tu, nikawatengenezea kadi. Kila mmoja nilimpiga picha. Nikapeleka Uvira zikachapwe na kufunikwa plastiki, nikatia sahihi na muhuri, nikafunga kamba za kuvaa shingoni. Nilihangaika sana na neno la kuandika juu ya jina. Neno "bénévole" watu walikuwa wanalicheka, wanasema ni mtu wa bure. Nikaandika AGENT. Chini yake, kwa herufi ndogo, ndiyo nikaandika "wa michezo", kwa sababu nafasi haikutosha.

Wenyeji wa hapa wanaosoma hii wameshaelewa. Kwetu mtu akikunong'oneza kwamba fulani ni agent, hana maana ya mtu wa benki. Ana maana ya mtu anayepeleka habari, anayeandika nani ameingia kijijini na nani ametoka. Mimi nimezaliwa hapa, nililijua hilo. Lakini siku ile niliona tu neno la watu wenye ofisi, na nilitaka watu wangu wafanane na watu wenye ofisi.

Niligawa kadi jumapili, uwanjani, na watu wakapiga makofi. Salvatori aliishika yake kwa kingo, kama picha ambayo haijakauka.

"Mama Mwalimu, hii agent ni kusema nini?"

"Ni heshima," nikamjibu.

Akaitia ndani ya shati.

Haukupita mwezi, watu wakaanza kupungua. Mmunga, mwamuzi wetu wa pembeni, alisema shamba limemzidi. Mama Riziki wa huduma ya kwanza alisema goti. Wawili wa Mboko waliacha wiki moja, na hawakutoa hata sababu. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja alikuwa ameanzisha timu yake, anawapa watu fulana na wali wa mchana, na mimi nikajua kabisa watu wangu wamekwenda wapi. Siku tatu mfululizo nilikaa mchana kwenye duka linalotazama uwanja wake, na soda moja, nikijifanya namngoja mtu. Sikumwona hata mmoja wa watu wangu. Mtu mwingine angesema basi hawako kule. Mimi nilisema wameambiwa kwamba ninawavizia.

Ikafika siku ya mashindano kule Kilembwe. Mechi ya mwisho ilikuwa ya vijiji viwili vilivyokuwa vimegombana, na wakubwa wa pande zote mbili walikubali wacheze kwa sharti moja, mwamuzi awe Salvatori. Alitangulia alhamisi kwa pikipiki. Sisi tulifuata ijumaa kwa lori. Jumamosi tulifika uwanjani, na yeye hayupo. Tulimngoja saa mbili. Watu walianza kusogea kila upande wao, na wengine walikuwa na fimbo. Mwishowe nikaazima filimbi nikachezesha mimi mwenyewe, na sketi yangu, na pumzi yangu ya miaka hamsini na kitu. Kipindi cha pili kikavunjika kwa matusi. Hakuna aliyeumia, na hilo ninamshukuru Mungu mpaka leo. Lakini wakubwa waliponiuliza mwamuzi wao yuko wapi, nilisema mbele ya wote, "Salvatori wamemununua." Wengine hawakusikia vizuri, nikarudia.

Jumatatu nilimkuta Espérance sokoni, amekaa nyuma ya mafungu yake ya mboga za lengalenga.

"Umwambie bwana yako arudishe karte yangu," nikamwambia.

Alinitazama, hakusema kitu. Nikaondoka nikijiambia kwamba kunyamaza kwake ndiyo jibu.

Kesho yake asubuhi alikuja ofisini. Hakukaa kwenye kiti nilichomwonyesha.

"Mama, bwana yangu hajarudi. Tangu ile alhamisi alienda na pikipiki."

"Sasa jana sokoni, mbona hukuniambia?"

"Jana ulikuwa na kasirani. Nikasema labda unajua kwenye yeye iko, unanipima tu." Alikuwa anavuta ncha ya kitenge chake. "Kama unajua, Mama, uniambie. Sitasema kwa mutu. Yule wa pikipiki anasema balimushusha ku barieri. Baliona ile karte, ile uliandika agent."

Nilikaa chini. Alikuwa amekesha usiku mzima akifikiri kwamba mimi ndiye niliyemuuza mume wake, na bado alikuja kwangu, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Nilikwenda kwa mkubwa wa eneo kuomba barua. Alikataa. Alisema kule karatasi nyingine itazaa maswali mengine, niende na mtu anayejulikana sura. Basi nikapita Fizi, nikamweleza Papa Wilondja yote, pamoja na lile neno kwenye kadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuvaa shati ili tuondoke. Lawama sikupata kwake.

Barieri ilikuwa kizuizi cha mti mmoja juu ya njia na kibanda cha majani, na vijana wenye silaha. Ni wa kundi gani, sitaandika. Mkubwa wao alikuwa amevaa fulana safi na kandambili. Juu ya meza yake kulikuwa na kadi yangu, na jiwe juu yake isipeperuke.

"Hii njo mukono yako?" akauliza, kidole kwenye sahihi.

"Ndiyo, ni yangu."

"Iko agent wa nani?"

"Wa mupira."

"Mupira haina ba-agent."

Alikuwa anasema kweli.

Akafungua daftari la Salvatori, akaligeuza kwangu. "Na hii mishale? Iko naenda wapi?"

"Ni njia ya arbitri. Anakimbia kutoka kona hii mpaka kona ile, ili aone mupira na mutu wa pembeni pamoja."

Aliligeuza tena, akalitazama kwa muda, akalifunga. Papa Wilondja alipotaka kusema, alimwonyesha mkono anyamaze.

"Nitakuuliza neno moja. Yeye nilishamuuliza. Mukijibu tofauti, mutabaki bote wawili hapa." Akasogeza kiti. "Mutu anarusha touche na mikono. Mwenzake iko peke yake mbele, amepita babeki bote. Anapata mupira, anafunga. Ni but, ao ni hors-jeu?"

Sheria niliijua. Kila mwaka niliwafundisha waamuzi wapya kwamba mpira wa kurushwa hauna hors-jeu, yaani kuotea, na goli linahesabiwa. Lakini niliona kwenye uso wa yule bwana kwamba yeye ana jibu lake, na silijui. Na nikajiuliza Salvatori alijibu nini, akiwa peke yake pale, mgeni, mbele ya bunduki. Alisema sheria, au alisema kile walichotaka kusikia? Miaka miwili nilikuwa nimemchunguza anakula nini kwa siri, anamtumikia nani, na sikuwahi kujiuliza swali rahisi, kwamba ni mtu wa namna gani. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa anaonyesha kwa mkono na kuondoka, timu nzima ikimzomea.

"Ni but," nikasema. "Kwa touche hakuna hors-jeu."

Nje kijana mmoja alikuwa anacheka na mwenzake, wala si juu yetu.

"Njo vile na yeye alisema," akajibu mwishowe. "Nilimuuliza mara tatu. Hata nilipomuambia hapana, alirudilia ileile." Akaichukua kadi, akaitazama tena ile picha. "Miye nilifunga vile, kule Lulimba. Balikataa."

Hakuna kati yetu aliyethubutu kusema pole.

"Labda mulifundishana," akasema. "Siwaamini. Lakini muende."

Kadi, filimbi, saa na daftari alivibakiza. Salvatori aliletwa kutoka nyuma ya kibanda, viatu havina kamba, midomo imepasuka. Alimsalimia Papa Wilondja kwanza, kisha mimi, kwa heshima ileile ya siku zote, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana. Tulitembea kwa miguu mpaka tulipopata gari.

"Match ya Kilembwe ilichezwa?" akauliza njiani.

"Ilichezwa. Haikuisha."

"Nani alipiga sifle?"

"Mimi, na filimbi ya kuazima."

Akatikisa kichwa. Baadaye kidogo akauliza, "Na miye, balisema nilienda wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia neno lenyewe, kwamba ni mimi niliyelisema, na kwamba nililirudia. Aliendelea kutembea, viatu vikimpwaya.

"Uliwaza kwanza, ao ulisema tu?"

"Nilisema tu."

"Aa," akasema, akainama kuvuta viatu vyake. Espérance alikuwa anamngoja Baraka.

Jumamosi iliyofuata nilisimama katikati ya uwanja kabla ya mechi, nikasema nilimsingizia Salvatori na kwamba kosa lilikuwa langu na kadi zangu. Wengine walipiga makofi. Wengine, nilisikia baadaye, walisema nimelazimishwa kusema vile, wakaanza kutafuta ni nani aliyenilazimisha. Kule Kilembwe pia nilirudi mwenyewe, nikasema maneno yaleyale kwa wakubwa wa vijiji vyote viwili.

Kisha nilizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya kadi. Mmunga alikuwa ameizika yake shambani, akanipeleka akanionyesha mahali, ila hakutaka tuifukue. Mama Riziki alikuwa ameikata picha yake akaihifadhi, kilichobaki amekichoma.

"Ile siku ulitupiga picha," akaniambia, "tulijiuliza zinaenda wapi, na bale ba Mboko vilevile. Tuliogopa kukuuliza."

"Mliogopa nini?"

"Weye."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachambua maharagwe, na aliendelea kuchambua. Wakati mimi nimekaa dukani na soda yangu nikiwatafuta kwenye wali wa mfanyabiashara, wao walikuwa nyumbani wakijiuliza sura zao nimezipeleka kwa nani. Nikamwomba msamaha. Akasema haina neno, lakini uwanjani hakurudi. Mmunga alirudi msimu uliofuata. Mama Riziki tunakutana kanisani, ananisalimia kwa mikono miwili, na goti lake, nimeona, halina shida yoyote.

Kwa Salvatori nilikwenda na jembe. Ilikuwa wakati wa kupalilia. Aliniachia mstari mmoja, nikaulima, na nilipogeuka nikamwona nyuma yangu anaulima tena, kwa sababu nilikuwa ninaacha mizizi. Sikusema habari za mpira. Nilikwenda mara tano. Mara ya nne mizizi yangu ilikuwa imepungua. Mara ya tano akaniambia atarudi, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe tena popote, si kwenye kadi, si kwenye daftari, si kwenye simu. Nikimhitaji, nije na miguu yangu nimwambie kwa mdomo.

Nilichoma daftari langu la alama za kuuliza wiki ile. Na miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, kila ijumaa yenye mechi kesho yake, nilikwenda mpaka kwake. Nilimwambia nani anacheza na nani, na yeye alisema, "Nitaona." Hakukosa hata mara moja. Kwenye ripoti niliandika waamuzi sita. Mkaguzi mmoja aliyetembelea mechi zetu alihesabu saba, akanitazama kama mtu anayeficha kitu. Nilikuwa ninaficha kweli, na sikumsaidia.

Siku ya kumkabidhi Aline kazi, tulikaa na orodha mezani. Amekuwa akija uwanjani kwa muda mrefu, si mtu wa kudanganywa.

"Mama, huyu wa saba hayumo humu. Ni nani?"

Alikuwa ameshatoa kalamu. Nikamwomba airudishe kwenye mkoba.

Ijumaa tulikwenda pamoja. Salvatori alikuwa juu anaezeka paa kwa majani, mtoto wa jirani akimpasia; alishuka ngazi, akajipangusa mikono. Nikamwambia huyu ndiye atakayekuwa anakuja. Alimtazama Aline viatu, uso, kisha mkoba, na pale kwenye mkoba alikawia. Akamuuliza ni wa ukoo gani, alifundisha wapi, alipitia njia gani kuja. Aline alijibu yote polepole, bila kuchoka. Nilitaka kumsemea, nikajizuia.

Espérance akaleta kiti cha pili, kisha cha tatu. Tulipokaa, Salvatori akamwambia Aline jina lake yeye mwenyewe, kwa mdomo, wala Aline hakugusa mkoba. Humu nimemwita Salvatori kwa sababu hilo si jina lake.